Kioo Juu ya Jicho la Simu

Mama Picha hakumwambia mtu atabasamu. Miaka yote niliyokaa naye jirani pale sokoni Mwanga, Kigoma, yeye na chumba chake cha picha, mimi, mwanamke mwenzake, na kibanda changu cha vifaa vya simu, sikumsikia hata mara moja akisema "cheka kidogo." Alimkalisha mtu kwenye stuli mbele ya kitambaa cha bluu, akasimama, akamtazama. Wengine kile kimya kiliwatisha. Walijikohoza, walijishika kola, waliuliza kama tayari. Yeye hajibu. Akiona mabega yameshuka na midomo imeacha kujipanga, ndipo anaponyanyua simu.

"Mtu ukimwacha akae," aliniambia, "uso wake unarudi nyumbani wenyewe. Ukimharakisha unapiga mgeni."

Jina lake halisi silitaji, na hata sokoni waliolijua walikuwa wamelisahau. Wanafunzi waliofuata paspoti saizi walimwita Mama Picha, mashehe walimwita Mama Picha, na mjukuu wake mwenyewe, alipojifunza kusema, alimwita hivyo hivyo. Alikuwa mwanamke mnene wa wastani, mweusi wa kung'aa, mwenye mwendo wa pole na sauti ya juu. Ukimsikia kabla ya kumwona ungedhani anagombana, kumbe anamsalimia mtu ng'ambo ya barabara.

Kazi iliyompa heshima zaidi haikuwa ile ya chumbani. Ilikuwa ya shughuli za wanawake. Ujiji kuna ndoa ambazo ukumbi wa kina mama mwanamume haingii, na wanawake wakishafunga mlango huvua mitandio, wakafumua nywele, wakacheza hadi jasho. Ndani ya milango hiyo aliitwa yeye. Alipiga, akawapelekea wenyewe, kisha akafuta mbele ya macho yao. "Tazama," alisema, akimgeuzia bibi harusi simu. "Iko wapi? Haipo. Haya, lala salama."

Siku moja alikuja mwanamume mmoja, mwenye boti za mizigo, amevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri. Nilikuwa kwenye benchi letu la nje, nikasikia yote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nimesikia ulipiga picha kwenye shughuli ya kina mama Jumamosi."

"Nilipiga."

"Kuna binti alikuwepo pale. Nia yangu ni njema, nataka kupeleka posa. Ila ningependa nimwone kwanza, nisije nikanunua mbuzi kwenye gunia."

Mama Picha alimtazama kwa ule utulivu wake. Akatoa simu, akainyanyua. Yule bwana akasogea, akidhani anaonyeshwa. Akapigwa yeye.

"Hii nitampelekea binti," alisema. "Akikupenda, uso wake atakuonyesha mwenyewe."

Alimpelekea kweli. Binti aliitazama akasema pua haina neno, lakini macho yana haraka. Posa haikufika.

Mtu akisikia hivyo atadhani alikuwa mtunza siri. Hapana. Umbea aliupenda kama chai. Alijua nani kahama kwa mumewe, nani amerudi kutoka ng'ambo ya ziwa na watoto wa nani, na akishaketi kwenye benchi asubuhi habari zilimtoka moja baada ya nyingine. Nikimwambia, "Mama, si wewe unayesema uso wa mtu ni amana?" alinijibu bila aibu: "Picha ni amana. Maneno ni ya barazani, nimeyaokota huko huko."

Tena alikuwa na kiburi. Hakuna mpiga picha mwingine Kigoma aliyewahi kusifiwa naye. Wale vijana wenye kamera kubwa za kuning'iniza shingoni aliwapitia kama hawapo. "Huyu anapiga nguo," alisema akionyeshwa albamu ya harusi. "Mtu mwenyewe hajampiga bado." Na wateja aliwafukuza. Aliyekuja akitafuna bazoka alirudishwa. Aliyetaka ngozi yake ing'arishwe aliambiwa akajaribu kwa jirani.

Jambo lililonishangaza, mimi niishiye kwa kuuza makava na vioo vya simu, ni jinsi mwanamke huyu mwangalifu wa nyuso alivyokuwa hajali chombo chenyewe. Simu yake aliilaza ndani ya kikapu, katikati ya nyanya na dagaa. Nimewahi kuitoa magamba ya mgebuka kwenye tundu la chaja kwa sindano. Kava lake lilipasuka pembe zote akalifunga kwa mpira wa kufungia noti. Sehemu moja tu ndiyo aliyoiheshimu, nayo ni jicho la kamera. Alikuwa na kipande cha kanga kuukuu, laini kwa kufuliwa, alichokiweka ndani ya kifuko cha nailoni, na kabla ya picha yoyote alilifuta jicho lile polepole. Hakulipuliza kwa mdomo kama tufanyavyo wengi. Alisema mate hayasafishi, yanahamisha uchafu tu.

Mwanawe wa kiume, aliyeko Dar es Salaam, ndiye aliyemletea simu mpya. Ilifika ikiwa imebandikwa protekta za kamera, vile vioo vidogo vya mviringo vinavyokaa juu ya kila jicho, hivi vikiwa na pete za rangi ya dhahabu. Nilidhani atazibandua. Alizipenda. Alizigeuzia jua akacheka kama msichana. "Mwanangu kanivisha hereni," alisema.

Na hizo protekta, niseme haki, zilimfaa. Alikwenda Kibirizi kuwapiga picha kina mama wa dagaa, waliotaka kuonekana na vichanja vyao. Pale ufukweni simu ikamteleza, ikaangukia mawe chali. Alinijia mkono kifuani. Nikatazama: kioo cha kati kimepasuka kama utando wa buibui, nikakibandua, na chini yake jicho lenyewe zima, halina hata mkwaruzo.

"Unaona?" nilimwambia. "Kimekufa kwa niaba yake."

"Basi kibandikwe kingine," akasema.

Zangu za aina ile ya simu zilikuwa zimekwisha, nikamwomba asubiri mzigo. Hakusubiri. Machinga mmoja alipita na ubao wake shingoni, akamchagulia moja, akambandikia palepale kwa dole gumba. Ilikuwa na pete kama zile nyingine. Kwa nje usingeitofautisha.

Kwa simu hiyo alikwenda Simbo.

Zaituni, aliyekuwa akiuza mitandio kibanda cha pili kutoka kwangu, alikuwa anaolewa na kijana wa Ujiji, na shughuli ya kina mama ilifanyika kwao Simbo, kwa mama yake. Nilikwenda kama rafiki, Mama Picha alikwenda kama mpiga picha. Uani walikuwa wametandika mikeka, wametundika balbu kwenye waya kutoka dirishani hadi kwenye mti wa mparachichi. Tulipomaliza kuswali magharibi ngoma zikaanza.

Bibi yake Zaituni alikuwa ameketi pembeni, karibu na mlango wa jiko. Bibi huyu alijulikana ukoo mzima kwa jambo moja: hakuwahi kupigwa picha. Alikuwa mtu wa shamba, Kiswahili chake cha shida, Kiha ndicho alichozungumza kwa raha, na kila kamera ilipotokea yeye aliingia ndani au alijifunika kanga usoni. Hakutoa sababu. Watoto wake walikuwa wamekwisha kuacha kumwomba.

Jioni ile Zaituni alikwenda kupiga magoti mbele yake apewe baraka. Bibi akamshika mikono miwili, ile mikono iliyojaa hina, akaitazama sana. Kisha akainua uso akamtafuta Mama Picha kwa macho, akamwita kwa kidole.

"Wewe," alisema. "Tupige. Moja. Halafu uniache."

Mama yake Zaituni alijiziba mdomo. Mama Picha alitoa kitambaa chake akafuta lile jicho la simu, akapiga goti moja ili awe sawa na bibi, akangoja. Nilimwona bibi akivuta pumzi na kuiachia. Uso wake ukakaa. Mama Picha akapiga moja, kama alivyoambiwa, akaishusha simu akaitia kwenye mkoba. Bibi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipa deni, akarudi kumtazama mjukuu wake.

Kesho yake Mama Picha alikuja kibandani kwangu, hakusalimia. Aliniwekea simu mezani, na ndani yake ile picha moja aliyoombwa asiifute.

"Tazama."

Balbu ilikuwa nyuma ya bega la bibi, juu kidogo. Nuru yake ilikuwa imeingia kati ya vioo viwili, kile cha machinga na kile cha kamera yenyewe, ikarukaruka humo ndani na kutua kwenye picha kama doa la kijani lenye ukungu mweupe kando kando. Doa lilikaa juu ya uso wa bibi. Macho, pua, mdomo, vyote vilikuwa chini yake. Mtandio ulionekana. Zaituni alionekana kiunoni kushuka chini. Mikono minne ilionekana vizuri kabisa, hata mishipa.

"Hukuliona doa jana?"

"Niliona nuru. Miwani niliiacha nyumbani. Nilidhani ni nuru tu ya kawaida." Akavuta stuli akaketi. "Alinipa uso wake mara moja maishani, nami nikauweka nyuma ya kigae."

Tuliijaribu simu jioni ile ile, giza lilipoanza. Nilisimama chini ya taa ya kibanda, akanipiga na kile kioo kikiwapo; doa. Kisha akakibandua kwa ukucha, gundi ikabaki duara, nikaisafisha kwa spiriti, akapiga tena. Nilitoka safi, hadi kovu la kidevuni. Ile protekta niliishika nikaielekeza kwenye taa. Haikuwa na weupe wa kioo. Ilikuwa na utusitusi, kama maji ya mchele, na ndani yake punje za vumbi zilizonaswa siku ilipobandikwa.

"Nenda Simbo," nilimwambia. "Mweleze. Atakubali tena."

"Alisema moja."

"Mama, ni kwa sababu nzuri."

"Kila anayemvizia mtu ana sababu nzuri. Alisema moja na mimi nilikubali kwa kunyanyua simu."

Wiki zikapita, akilizunguka jambo hilo. Siku nyingine alisema atakwenda baada ya Ijumaa. Siku nyingine alisema mvua. Nilimjua, nikajua hakuogopa kugombezwa. Aliogopa kuomba mara ya pili kitu ambacho mtu alikitoa kwa taabu. Alipojipa moyo na kutafuta usafiri, ndipo Zaituni alipopigiwa simu pale pale sokoni. Bibi alikuwa amepatwa na homa, akalala siku chache, akafa.

Baada ya arobaini, Zaituni alikuja kutaka picha isafishwe na kuwekwa kwenye fremu. Alikuwa ametumiwa nakala siku ile ya shughuli pamoja na nyingine, na katika shamrashamra hakuikuza kuitazama. Sasa ameikuza, na kisa cha kioo cha machinga amekwisha kukisikia hapo sokoni. Alikuja na kijana wa stesheneri ya mtaa wa nyuma, ambaye alikuwa na ufumbuzi.

"Hii kazi ndogo sana," kijana alisema. "Kuna programu. Unaipa picha, inatoa doa, inajaza uso. Unaiambia ni bibi mzee wa Kiafrika, inakuletea. Hutaamini."

"Uso upi?" Mama Picha aliuliza.

"Wa bibi."

"Imemjulia wapi?"

Kijana akacheka. "Inakisia, mama."

"Basi huyo atakuwa bibi wa hiyo programu. Huyu wa Zaituni alikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kufanana naye, ni yeye mwenyewe. Mimi siitii jina langu kwenye kukisia."

Zaituni aliingilia kati. Aliposema, alisema taratibu, na ndiyo maana iliuma.

"Hilo ndilo, mama. Jina lako. Wewe unalilinda jina lako, humlindi bibi yangu. Ungekuwa unamlinda usingeweka takataka kwenye kamera."

Watu waliokuwa wakipita walisimama. Nilitegemea ile sauti ya Mama Picha inayosikika hadi ng'ambo ya barabara. Haikuja. Alikunja kitambaa chake, akakirudisha kwenye kifuko, akaingia chumbani kwake akafunga mlango, na mchana kweupe akawaacha wateja wamesimama na fomu zao za paspoti mkononi.

Siku mbili tatu baadaye aliniomba nimsindikize Simbo. Alikuwa ameichapisha ile picha kubwa, kama ilivyo, doa na ukungu wake, ameiviringisha kwa gazeti. Mama yake Zaituni alitupokea uani, palepale. Mkeka ulitandikwa, tukapewa uji. Mama Picha hakuugusa uji wake.

"Dada," alisema, "nimeleta kilichopo. Uso haupo. Kosa si la taa wala si la marehemu, ni langu. Nilibandika kioo kibovu kwenye kamera na sikukijaribu kabla ya kuja kwa watu."

Yule mama alilifungua gazeti. Aliitazama picha kwa muda, nami nikayatazama magoti yangu. Kisha alicheka, kicheko kifupi cha kilio.

"Tazama kidole hiki," alisema, akitugusisha. "Hiki cha shahada. Kilivunjika anatwanga mihogo nikiwa bado tumboni mwake, hivyo alivyonisimulia. Hakikunyooka tena. Alikuwa akituonyeshea njia nacho, tunakwenda upande mwingine." Akaupapasa mkono ule juu ya karatasi. "Ni yeye. Mama yangu ni huyu."

Aliiweka ndani, chumbani kwake. Hatukurudi na neno la lawama. Lakini njiani Mama Picha alisema, "Amenisitiri. Kusitiriwa ni kuzito kuliko kugombezwa."

Zaituni hakufanya kama mama yake. Alitengenezewa ile nyingine, ya kukisia. Niliiona alipojifungua, tulipokwenda Ujiji kumpa hongera. Ilikuwa ukutani sebuleni, kwenye fremu pana: bibi mzuri, mikunjo imepangwa, anatabasamu kwa meno meupe yote. Marehemu meno ya mbele alikuwa hana. Nilimtazama Mama Picha. Aliitazama ile picha kama alivyomtazama kila mtu, bila haraka. Zaituni alikuwa kitandani, mlango wazi, anatuona.

"Najua si yeye," Zaituni alisema kabla hajaulizwa. "Lakini kila niliporudi kutoka msibani nilikuta ukuta mtupu. Sikuuweza."

Mama Picha aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Ningekupa aliye yeye, usingehangaika na wa kukisiwa," alisema. "Mwanangu, nisamehe."

Zaituni aligeukia ukutani. Kisha akasema, "Mshike mtoto, mama. Mikono yangu imechoka." Mama Picha akampokea mtoto, akampakata hadi tukaaga. Sijui kama ule ulikuwa msamaha. Walisalimiana sokoni tangu siku ile, na Zaituni alipofanya akika ya mtoto hakumwita mpiga picha yeyote.

Baada ya Simbo, Mama Picha akawa janga kwa biashara yangu. Aliketi kwenye benchi mbele ya kibanda, na mteja akiulizia protekta ya kamera, yeye ndiye wa kwanza kumjibu. "Ya nini? Kioo cha kamera ni kigumu tangu kiwandani. Nunua kava lenye ukingo uliopanda kuzidi kamera, simu ikilala chali jicho haligusi meza. Yatosha." Nikamwambia, "Mama, unanifungia duka." Akanijibu, "Nakutafutia pepo."

Lakini hakuwa mjinga wa kushika neno moja hata likimpinga. Alikuja mvuvi kutoka Katonga, simu yake huishi mfuko mmoja na ndoana na kisu, jicho la kamera limeshakwaruzwa nusu. Mama Picha alimtazama, akaniambia, "Huyu mbandikie. Ila mbandikie nzuri, na mwonyeshe kwenye taa kwanza." Kwa wengine alisema mtu ajiulize simu yake inalala wapi na anampiga nani. Anayepiga samaki na mzigo, doa halimdhuru. Anayepigia watu nyuso zao, kioo cha ziada ni mlango wa ziada, na kila mlango una siku yake ya kukwama. Neno lake lilikuwa "kukinga si kuziba," na nimelichukua. Bado nauza vile vioo. Ila siuzi kabla sijakishika kioo chenyewe mbele ya taa tukakitazama wote wawili, na naeleza kwamba kikishapasuka au kikaingia vumbi hakina kazi, kitolewe siku hiyo hiyo. Wengine hunishukuru. Wengine huenda kwa machinga.

Magoti yalipomshinda, Mama Picha alifunga chumba akahamia Kalinzi kwa binti yake, kwenye baridi na mibuni. Tulipigiana simu siku za Iddi. Sikumwona kwa muda mrefu, hadi mama yangu alipougua.

Mama alikuwa akiishi nami Ujiji. Ugonjwa ulimla polepole, mashavu yakaingia ndani, na madaktari wakaniambia kwa upole nimrudishe nyumbani. Picha zake nilizokuwa nazo zilikuwa za harusini, za mbali, mama yuko nyuma ya watu amebeba sinia. Nilimpigia Mama Picha. Sikueleza sana. Akasema atakuja, akaja kesho yake alasiri kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi, mkoba umefungwa kifuani kwa kanga.

"Hodi humu."

"Karibu," mama alijibu kutoka kitandani. "Karibu mwenzangu. Umezeeka."

"Na wewe umenitangulia."

Walicheka wote wawili. Walisalimiana kirefu, wakaulizana watoto, mazao, nani amekufa. Kisha Mama Picha akaweka mikono mapajani.

"Binti yako kaniita nikupige picha."

"Najua."

"Unataka?"

Mama alinitazama mimi kwanza. "Sitaki," alisema. "Anataka yeye."

"Basi," Mama Picha alisema, akausukuma mkoba chini ya kiti kwa mguu.

Yeye alikuwa amekwisha kumwinamia mama, anamgusa kilemba.

"Huku ndani kukoje? Nani anakuchana?"

"Nafunga tu kitambaa. Siku zenyewe zimebaki ngapi za kuchana?"

"Lete chanuo," Mama Picha aliniambia. "Na mafuta ya mise kama yapo."

Nilileta vyote. Alipanda kitandani na magoti yake yale mabovu, akamweka mama kati ya mapaja yake kama msichana, akafungua kilemba. Nywele zilikuwa zimeshikamana, nyeupe, chache kuliko nilivyodhani. Alizipaka yale mafuta meusi ya kokwa za mchikichi, akazifumua kwa vidole kwanza, chanuo baadaye. Chumba kikanuka utoto wangu.

"Unanisuka nini?" mama aliuliza, macho amefumba.

"Twende kilioni."

Mama alicheka hadi akakohoa. "Umewahi, mwenzangu."

"Jina tu hilo. Ndiyo mistari isiyoumiza mtu akilala."

Alisuka bila haraka, mstari baada ya mstari, huku akimpa umbea wa Kalinzi, wa mwalimu na mke wa jirani, wa padri na nyuki, na mama akiuliza maswali kama mtu ambaye atakuwepo kusikia mwisho wake. Alipomaliza alimpangusa mama mafuta usoni kwa kiganja.

"Nipe kioo," mama aliniambia.

Tangu aanze kukonda alikuwa amekigeuza kioo kikatazama ukuta. Nilikitoa msumarini nikampa. Alijitazama. Alijitazama kwa muda, akageuza shavu hili, akageuza lile, akagusa mistari.

"Ndiye mimi?"

"Ndiye wewe," Mama Picha alimjibu.

Nilimsindikiza Mama Picha hadi barabarani, kijana wa pikipiki alikuwa akimngoja. Pale ndipo nilipomuuliza.

"Mbona hukumpiga? Alikuwa ametulia vile. Asingejua."

"Angejua."

"Atakapoondoka, mama, mimi nitabaki na nini?"

Alijifunga kanga, akaushika mkono wangu, wake bado una mafuta. "Sasa hivi yupo," alisema. "Wewe uko huku barabarani unazungumza na mimi. Rudi ndani."

Nilirudi. Mama bado alikuwa amekishika kioo. Aliponisikia alikiinamisha kidogo, akanitafuta humo ndani, akagonga godoro kwa kiganja. Nikapanda, nikaegemea bega lake, tukatazamana humo.